Ini, Pombe na Parasetamoli

Msikilizaji, umeamka kichwa kinakugonga baada ya pombe ya jana. Unatafuta parasetamoli. Subiri kidogo.

Ini lako lina vimeng'enya, vichochezi vinavyovunjavunja pombe na dawa. Vikivunja parasetamoli, sehemu ndogo hugeuka sumu. Ini lenye afya huidhibiti. Lakini kwa mtu anayelewa kila siku, sumu huzidi na kinga ya ini hupungua. Nasema tena: sumu huzidi, kinga hupungua.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia dawa, mwambie mfamasia ukweli kuhusu pombe, hayupo pale kukuhukumu. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani. Ukizidisha dozi, nenda hospitali mara moja, hata kama hujisikii vibaya.