Soli Huachia Wapi?



Dar es Salaam, na Nairobi vilevile, wako wengi ambao wakinunua raba mpya hawazivai kwanza. Huzipeleka kwa fundi zizungushiwe uzi wa nailoni pembezoni mwa soli. Wapo wasomi wanaoiona desturi hii kuwa ushamba. Mimi naiona kuwa hukumu ya kihandisi, tena sahihi: soli tunaiamini, ngozi ya juu tunaiamini, ila kilicho kati yake hatukiamini. Watu wanaposikia habari za kuunganisha malighafi tofauti katika soli moja, hutaka kujua majina ya hizo malighafi. Nitayataja, lakini nitakaa zaidi pale zinapokutana.

Tunaziunganisha kwa sababu soli inadaiwa mambo yanayopingana. Chini isilike upesi wala isiteleze. Katikati ibonyee na kurudi. Juu ikae na unyayo bila kuuchubua. Hata mwili wenyewe haukulitatua hilo kwa kitu cha aina moja. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mafuta yaliyofungiwa ndani ya vijumba vya nyuzinyuzi. Karibu na ngozi vijumba ni vidogo na vikakamavu, na ndani zaidi ni vikubwa na laini. Mafuta ni mafuta kote; kinachobadilika ni nyumba yake.

Lorna Gibson na Michael Ashby, katika kitabu chao cha mwaka 1988 kuhusu vitu vyenye vijumba, walieleza kanuni ambayo kila mbunifu wa soli anaitegemea, ajue asijue. Katika sponji yenye vijumba wazi, ukakamavu hufuata mraba wa densiti. Ukipunguza densiti kwa nusu, ukakamavu unashuka hadi robo. Hii ni kwa sababu vijiti vinavyounda vijumba hupinda vinapobanwa, na kijiti kikikonda hupinda kwa urahisi mno. Ukivipanga vijiti hivyo vibebe mzigo kwa urefu wake badala ya kupinda, ukakamavu hushuka sawasawa na densiti. Kwa hiyo plastiki moja inaweza kuwa laini kisigino na ngumu kwenye upinde wa mguu kwa kubadili mpangilio peke yake. Raba ya Futurecraft 4D ya Adidas, iliyotangazwa mwaka 2017, ilijengwa hivyo. Kampuni ya Carbon ya California iligandisha resini ya majimaji kwa mwanga hadi ikawa wavu wa vijiti, mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine.

Mwaka huohuo ilitoka raba ya mbio ya Nike, Vaporfly, yenye bamba la nyuzi za kaboni lililopinda, limelala ndani ya sponji ya plastiki iitwayo peba. Wouter Hoogkamer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walipima mfano wake. Sponji ilirudisha asilimia 87 ya nishati iliyotumika kuibonyeza. Kiatu cha Adidas kilicholinganishwa nacho kilirudisha 75.9, na Nike ya mashindano iliyotangulia 65.5. Wakimbiaji walitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Kisha Eliud Kipchoge akakimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 2019, akiwa na kiatu cha ukoo huo. Januari 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka mpaka: soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja.

Sifa nyingi zilikwenda kwa bamba, maana bamba linaeleweka: ni springi, watu husema. Baadaye Hoogkamer, safari hii pamoja na Laura Healey, alichukua viatu vya Vaporfly akalikata bamba kwa msumeno, kukingama. Matumizi ya nishati ya wakimbiaji yalibadilika kwa kama nusu asilimia tu, kiasi ambacho hakikuweza kutofautishwa na bahati. Naupenda utafiti huu kwa ujeuri wake. Ni kazi ya msumeno, na ilinyamazisha matangazo mengi kuliko hesabu zetu zote.

Sasa maungio. EVA, sponji iliyo katika raba nyingi tunazovaa, ina uso usioshikika kwa urahisi. Kiwandani hupakwa dawa ya awali, mara nyingine hupigwa kwanza mwanga wa urujuanimno, ndipo ipokee gundi. Mpira wa soli ya nje nao hukwaruzwa na kupakwa dawa yenye klorini. Kila hatua ina muda wake wa kukauka na joto lake. Hatua moja ikirukwa, kiatu kitang'aa dukani kama mwenzake. Kitaachia barabarani, kwenye lami ya saa nane mchana. Maabara hupima kwa kuvuta tabaka mbili hadi ziachane, na mimi hutazama kwanza mahali palipokatika kabla ya kusoma namba. Sponji ikichanika yenyewe, kiungo kilikuwa na nguvu kuliko sponji. Nyuso zikitoka safi, gundi haikushika kamwe.

Pwani ina adui mwingine. Poliurethani iliyotengenezwa kwa poliesta huvunjwavunjwa na mvuke wa maji, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Ndiyo maana buti la mtumba linaweza kuonekana zima, likavaliwa, soli ikamwagika kama makombo ya mkate. Poliurethani ya jamii ya poliitha huvumilia unyevu zaidi. Muuzaji hajui tofauti hiyo, wala lebo haisemi.

Linganisha na katambuga, viatu vya tairi ambavyo Wakenya huviita akala. Tairi ni muungano wa nyuzi na mpira, lakini vilipikwa pamoja kwa salfa na joto hadi vikashikana kikemia. Fundi hurithi kiungo ambacho yeye asingeweza kukitengeneza. (Huchagua tairi la nyuzi za nailoni, kwa kuwa waya wa chuma hula kisu chake na hatimaye humchoma mvaaji.) Hasara yake ni uzito, na kwamba soli hiyo haibonyei.

Mwaka 2019 Adidas ilionyesha Futurecraft.Loop, kiatu ambacho soli yake ya nje, sponji yake na hata kamba zake ni plastiki moja, TPU, vikashikanishwa bila gundi ili vyote viweze kuyeyushwa tena kwa pamoja. Malighafi ni moja, miundo ni mingi. Huko ndiko ningependa twende, ingawa TPU kwa kawaida haishiki sakafu yenye maji kama mpira unavyoshika. Wanafunzi wangu, anzeni na hilo: michoro ya chini ya soli kwa ajili ya vigae vilivyolowa. Na vipande vyenu vya majaribio visivutwe siku vilipotoka kwenye mashine. Vikae kwanza Tanga, kwenye veranda iliyo wazi, masika yote.