Mashine ya Maji Isiyoshiba Petroli

Leo tuache mbegu na mbolea, tuzungumze habari za mashine ndogo ya petroli, ile inayovuta maji mtoni na kuyapeleka kwenye majaruba ya vitunguu. Ikizimika wakati wa jua kali, vitunguu havina subira.

Uko ugonjwa mmoja ambao tunaukuza wenyewe. Mashine inawaka, lakini mlio hautulii: unapanda, unashuka, unapanda tena. Ukifungua choki yote, inazimika. Ukiifunga nusu, inatulia. Basi mwenye mashine anasema, "Haya, itafanya kazi hivyo hivyo." Mimi nilifanya hivyo wiki mbili, nikijiona mjanja, mpaka asubuhi moja ikagoma kabisa na vitunguu vikakaa siku nne bila maji.

Kumbe choki ilikuwa inanieleza ugonjwa. Kazi yake ni kupunguza hewa. Mashine ikipenda hewa ipunguzwe, ujue petroli haitoshi. Lita 1 ya petroli huhitaji kama lita 9,000 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikipungua, mashine hupata joto kupita kiasi, na vali ya kutolea moshi inaweza kuungua. Kwa zile za kuchanganya oili na petroli ni hatari zaidi, maana oili ya pistoni huja na petroli hiyo hiyo.

Mashine ikishapoa, fungua plagi uitazame. Ikiwa ya kahawia hafifu, ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mashine ina njaa.

Sasa usikimbilie kabureta! Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na tope, petroli haishuki. Kilegeze kidogo, uwashe. Mlio ukitulia, safisha tundu na kazi imekwisha.

Kama bado, zima, acha ipoe, na sigara iwe mbali. Chomoa mpira wa petroli, kinga kopo, fungua koki. Petroli itiririke bila kusita. Ikidondoka tone tone, chujio limeziba.

Ikitiririka vizuri, ndipo ufungue bakuli la chini ya kabureta. Mwaga maji na mchanga utakaoukuta. Katikati mna jeti, kijishaba chenye tundu jembamba sana. Petroli iliyolala humo miezi mingi hugeuka gundi na kuliziba. Ioshe kwa petroli safi, uipulize kwa pampu ya baiskeli. Tafadhali, usichokonoe kwa sindano wala waya mgumu! Tundu likipanuka utakuwa umehama kwenye njaa na kuingia kwenye kuvimbiwa.

Jeti ikiwa safi na mlio bado unayumba, hewa inaingia kwa wizi. Tazama pale kabureta inapofungwa kwenye injini. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo hicho mashine ikiwaka. Mlio ukibadilika, hapo ndipo penye mwizi. Kaza nati, au badilisha gasketi.

Msimu ukiisha, funga koki, acha mashine iwake mpaka ijizimie yenyewe, halafu ndipo uiweke stoo. Kwa leo naishia hapo. Kwaherini.