Mtu Aliyempa Mpelelezi Mwili



Juzi tulisomeana hadithi ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London. Tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta. Wengine tulisema mtu huyu aliishi kweli. Wengine tukasema, aa, ni hadithi tu. Leo tumeleta jibu.

Holmes hakuishi. Alimtunga daktari mmoja wa Uingereza, Arthur Conan Doyle. Mwaka 1893 Doyle alichoka naye, akamwua katika hadithi. Alidhani yamekwisha. Kumbe bado!

Huko Marekani alikuwako mwigizaji mrefu, mwembamba, jina lake William Gillette. Huyu aliomba ruhusa amweke Holmes jukwaani. Akapeleka simu ya maandishi kuuliza: je, naweza kumwoza mke? Doyle akajibu, mfanye upendavyo, hata kumwua ukitaka.

Gillette akatunga mchezo wake. Lakini mwaka 1898 hoteli moja ya San Francisco iliungua, na maandishi yake yakateketea humo. Sisi tunaoandika barua moja kwa jasho siku nzima tunajua uchungu huo. Yeye alikaa akaandika upya.

Mwaka 1899 mchezo ulifika New York, na 1901 London. Waigizaji wengi wa siku zile walipiga kelele na kurusha mikono. Gillette alisema polepole, kama mtu anayezungumza nyumbani kwake. Pengine alinyamaza tu, na watu wote kimya wakimtazama. Katika vitabu Holmes alichorwa na kiko kilichonyooka. Gillette alishika kilichopinda, na hata leo wachoraji humchora hivyo.

Sasa sikilizeni hili. Mchezo huo aliucheza kama mara 1,300. Maneno yale yale, kila usiku! Hata ngano ya bibi tuliichoka. Lakini Gillette alifundisha kwamba mwigizaji lazima aseme kila neno kama kwamba limemjia sasa hivi, hajui la pili. Alirudi jukwaani mwaka 1929, umri wake miaka 76, na watu wakaja tena kumwona. Alifariki mwaka 1937.

Mwaka 1916 alipigwa filamu ya mchezo huo. Ikapotea miaka mingi, hata mwaka 2014 ikaonekana Paris, katika ghala la filamu za zamani. Haina sauti. Lakini Holmes wake yumo, anatembea, anavuta kiko.