Mchungaji Aliyeondoka Mimbarini

Mara ya mwisho niliposimama mbele ya kwaya hii nilikuwa na nywele nyeusi.

Mwaka ule nilipoaga kwenda kusomea ualimu, mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Sasa umeacha huduma." Hakusema kwa ubaya, lakini neno lile nimelibeba hadi leo. Na juzi kwenye mazoezi nimelisikia tena, likiambiwa vijana wetu wawili wanaoingia chuo kikuu mwezi wa tisa. Kwa hiyo historia ya kwaya nawaachia ninyi mnaoijua. Mimi nitawasimulia habari za mchungaji mmoja Mbaptisti wa Marekani.

Mordecai Wyatt Johnson alizaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Paris, jimbo la Tennessee. Baba yake alizaliwa utumwani, baadaye akawa mhubiri. Johnson alisoma, akawa mchungaji wa First Baptist Church mjini Charleston, West Virginia. Mwaka 1926, akiwa na miaka 36, aliitwa kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Howard kule Washington. (Rais wa chuo kwao ni kama naibu chansela wetu.) Chuo hicho kilianza mwaka 1867, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watu weusi, lakini hakikuwa kimepata rais mweusi hata mmoja. Naweza kuwaza nyuso za washirika wake siku ya kumuaga.

Aliongoza kwa miaka 34. Hakuwa malaika, baadhi ya walimu wake walilalamika kwamba ni mkali na hashauriki. Lakini tazameni kazi. Mwaka 1928 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoruhusu Howard kupewa fedha za serikali kila mwaka, naye akawa anafika mbele ya wabunge kuzitetea. Shule ya sheria, iliyokuwa ya masomo ya jioni, ilikabidhiwa Charles Hamilton Houston, ikageuzwa kuwa ya kutwa. Humo alihitimu Thurgood Marshall mwaka 1933. Huyo ndiye aliyewashauri viongozi wetu Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba ya Kenya. Kazi ya mtoto wa mtumwa kule Tennessee ilitufikia hata sisi.

Na kuhubiri hakuacha. Mwaka 1950, mjini Philadelphia, alihubiri juu ya Gandhi. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mwanafunzi wa theolojia aitwaye Martin Luther King, ambaye alitoka pale akaenda kununua vitabu vya habari za Gandhi.

Lakini waimbaji, kisa chenu hasa ni cha 1939. Howard walikuwa wakimleta Washington mwimbaji Marian Anderson kila mwaka, na watu wakazidi kuwa wengi. Mwaka huo chuo kikaomba ukumbi mkubwa wa Constitution Hall. Wenye ukumbi wakakataa kwa sababu ni mweusi. Basi Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, akaimba nje, kwenye ngazi za jengo la ukumbusho wa Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000.

Mnajua alianzia wapi? Kwenye kwaya ya watoto ya Union Baptist Church, Philadelphia, akiwa na miaka sita. Familia yake haikuwa na pesa za kumlipia mwalimu wa sauti. Washirika wakachanga, wale wale waliokuwa wakimsikia kila Jumapili. Kwa lugha yetu, walifanya harambee. Walijua wazi kwamba akishafundishwa, wengine ndio watakaomsikia zaidi yao. Mimi hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma habari zake. Si jambo rahisi kumlipia nauli mtu anayekuacha na pengo kwenye safu.

Binti yetu wa sauti ya pili, na wewe kijana wa sauti ya tatu, simameni tuwaone. Wazee, wapigieni makofi. Tena nawaomba, yule atakayewaaga mlangoni mwezi wa tisa awaombee tu, basi.

Kikapu kiko mezani karibu na mlango wa kutokea, na mweka hazina wa kwaya ana daftari. Ada ya muhula wa kwanza haijatimia. Mimi nimeshaandika jina langu juu kabisa. Na nyinyi wawili, tutawatarajia likizo ya Desemba. Viti vyenu ni vile vile, safu ya pili.