Rangi ya Meli Isiwe Sumu ya Bahari



Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini chombo kikishaundwa na kushushwa majini, kazi haijaisha. Kila kitu kigumu kinachokaa baharini hugeuzwa makao. Kwanza hufunikwa na ute wa bakteria, kisha huota mwani, na baadaye chaza na viumbe wengine wenye magamba hujigandisha. Meli yenye mzigo huo chini yake hupungua mwendo na huchoma mafuta mengi zaidi, na gharama hiyo mwishowe humfikia mnunuzi wa bidhaa.

Mabaharia wa mwambao wa Afrika ya Mashariki waliujua udhia huo tangu zamani. Jahazi liliegeshwa pwani maji yalipokupwa, likakwanguliwa, kisha likapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo ilibidi irudiwe mara kwa mara. Meli kubwa za chuma haziwezi kutunzwa hivyo, na kuzipandisha chelezoni ni gharama kubwa. Ndiyo sababu wenye viwanda walitafuta rangi ya kudumu.

Katika miaka ya 1970 ilienea rangi yenye kemikali ya bati iitwayo tributilitini. Rangi hiyo ililika polepole kadiri meli ilivyosafiri, ikitoa sumu upya kila siku, na meli iliweza kukaa hadi miaka 5 bila kupakwa tena. Kwa wenye meli ilikuwa neema.

Haikuwa neema kwa wafugaji wa chaza katika Ghuba ya Arcachon, nchini Ufaransa. Ghuba hiyo ina mashua nyingi za starehe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wa chaza walikufa kabla ya kushika mahali, na waliokomaa waliota magamba manene yaliyopinda, wasiweze kuuzwa. Wafugaji hao hawakuwa wameinunua rangi hiyo, wala hawakupata faida yake. Lakini wao ndio walioilipia. Mwaka 1982 Serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku matumizi yake kwa mashua zenye urefu usiofikia mita 25, na chaza wakaanza kuzaana tena.

Wataalamu waligundua pia kwamba sumu hiyo, hata ikiwa kiasi kinachokaribia gramu 1 katika lita bilioni 1 za maji, huwafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume. Hata hivyo, mkataba wa kimataifa wa kuikataza katika meli ulipitishwa mwaka 2001 tu, ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba, 2008. Yaani miaka 26 ilipita baada ya hatua ya Ufaransa. Na sumu iliyokwisha kuzama katika matope ya bandari haiondolewi na saini za mkataba.

Leo rangi nyingi hutegemea shaba, ambayo nayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Lakini ipo njia nyingine. Rangi za silikoni haziui kiumbe. Huwa laini na telezi, akakosa pa kushika, naye hung'olewa na maji meli inapokwenda. Katika Chuo Kikuu cha Florida, nchini Marekani, watafiti waliiga mikwaruzo midogo ya ngozi ya papa, na majaribio ya maabara yakaonyesha kwamba mbegu za mwani hushindwa kujishika kwa wingi juu yake. Rangi za silikoni zina bei kubwa, huchubuka upesi, na hazifai sana kwa chombo kinachokaa bandarini muda mrefu. Lakini kasoro hizo humfika mwenye chombo mwenyewe, si mvuvi wa jirani.

Hapo ndipo penye fundisho. Mtumishi wa umma anayeidhinisha ununuzi wa rangi kwa ajili ya kivuko, mashua ya doria au nguzo za gati hana budi kuuliza si bei yake tu, bali pia ina nini ndani yake na itaishia wapi. Mwalimu naye awafundishe vijana kwamba unafuu wa mmoja waweza kuwa hasara ya mwingine asiyeshirikishwa. Bahari hailindwi kwa kungoja chaza wafe ndipo hatua zichukuliwe.