Matangazo Yasiyoombwa na Haki ya Mwenye Namba

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi, Runzewe)



Nimepewa nafasi fupi baina ya taarifa ya maji na taarifa ya mikopo. Nitaitumia kuzungumzia jambo lililomo mfukoni mwa kila mmoja wetu: ujumbe wa biashara unaoletwa na kampuni ambazo hatukupata kuziomba chochote. Leo ni bahati nasibu, kesho ni mkopo wa dakika tano, keshokutwa ni dawa ya nguvu au kiwanja katika mji ambao mpokeaji hajawahi kufika.

Wapo wanaosema kwamba haya ni madogo, kwa kuwa ujumbe hufutwa kwa kidole kimoja. Mimi siafiki. Mkulima wa tumbaku anayepokea jumbe ishirini za matangazo kwa siku huacha kuzisoma zote, na siku chama chake cha ushirika kinapomwarifu kuhusu malipo, ujumbe huo nao hupita bila kufunguliwa. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mama anayekumbushwa tarehe ya kliniki. Sisi wa Halmashauri tunaotuma matangazo ya huduma tunaliona tatizo hili kwa karibu, maana sauti yetu inafika katika soko lenye kelele.

Vijana wetu wana adha ya namna yake. Wengi walifunguliwa anwani ya barua pepe steshenari, siku walipokuwa wakijisajili katika mfumo wa maombi ya ajira serikalini. Nywila alibaki nayo mwenye steshenari, na anwani ile ile imetumika kujisajili kwenye michezo ya kubahatisha na maduka ya mtandaoni. Baada ya miezi sita, wito wa usaili unakuja na kuzikwa chini ya mamia ya matangazo. Kijana anasema hakuitwa, kumbe aliitwa.

Tabia hii si ngeni duniani. Mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo la kompyuta za kampuni yake kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo mmoja, katika mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Walikasirika na kulalamika, lakini kompyuta ziliuzwa. Tangu hapo gharama ya kutuma imeendelea kushuka, na mzigo umebaki kwa mpokeaji.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: namba yangu waliipata wapi? Jibu halifurahishi, kwa sababu mara nyingi tumeitoa wenyewe bila kupewa sababu. Tumeiandika katika daftari la nyumba ya wageni, getini kwenye ofisi, katika orodha ya wafanyakazi wa duara na wa mialo, kwenye fomu ya semina, na katika daftari la dukani lililo wazi juu ya meza. Hapa kwetu, kwenye barabara kuu ya magari yaendayo Rwanda na Burundi, madaftari ya namna hiyo ni mengi. Mtu mwenye simu ya kamera huhitaji sekunde mbili tu kuondoka na ukurasa mzima.

Njia nyingine ni programu za mikopo za simuni, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mkopaji anapopakua programu, huombwa ruhusa ya kusoma orodha ya namba zote alizohifadhi. Akibonyeza kukubali, amekabidhi namba ya mama mkwe, ya mwalimu wa mtoto wake na ya mchungaji wake, watu ambao hawakukopa wala hawakuulizwa. Akichelewa kulipa, hao ndio wanaotumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za nchi hiyo, kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kuwasumbua wananchi kwa simu na jumbe za vitisho.

Na sheria yetu inasemaje? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara asiloliomba, isipokuwa ameridhia, tangazo linamtaja mtumaji na kusudi lake tangu mwanzo, na mpokeaji anapewa njia ya kukataa mengine. Upo mwanya wa haki kwa wafanyabiashara: ukinunua taa ya sola dukani na kuacha namba, duka hilo laweza kukutangazia bidhaa zinazofanana na hiyo, mradi kila mara likupe nafasi ya kujitoa. Haliruhusiwi kuikabidhi namba yako kwa kampuni ya kubeti. Tazameni basi zile jumbe zinazokuja kwa jina badala ya namba. Ukijaribu kuzijibu, simu inakataa. Kama ndani yake hamna maelekezo mengine ya kujitoa, mtumaji amekunyima kile ambacho sheria inakupa.

Baadaye ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mwananchi haki ya kumzuia yeyote anayetunza taarifa zake asizitumie kwa matangazo ya biashara. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Mheshimiwa Rais tarehe 3 Aprili 2024, ndiyo inayopokea malalamiko. Anayetaka kulalamika asifute ujumbe. Autunze, aandike tarehe na saa, na kama aliwahi kumwambia mtumaji aache, atunze ushahidi wa hilo pia.

Tutenganishe tangazo na utapeli. Ujumbe wa aina ya "ile hela itume kwenye namba hii" hauombwi kujitoa wala haujibiwi. Peleka ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa upande wa barua pepe, kiungo cha kujitoa kibonyezwe pale tu unapomfahamu mtumaji. Kwa usiyemfahamu, kubonyeza ni kumthibitishia kwamba anwani ina mtu, na matangazo yataongezeka. Na kila mwenye laini apige *106# aone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa.

Kwa vijana: nendeni mkabadilishe nywila leo, na mfungue anwani ya pili kwa ajili ya maduka na michezo.

Sheria hii haikuiacha Halmashauri pembeni. Namba tunazozikusanya kwa ajili ya mikopo ya vikundi, leseni na zahanati ni amana. Hazipaswi kutolewa kwa kampuni yoyote, hata inayokuja na barua nzuri. Mwananchi anayeandikishwa katika ofisi ya kijiji au ya kata ana haki ya kuuliza namba yake ni ya kazi gani, na mtumishi anawajibika kumjibu.

Karatasi ya mahudhurio inayozunguka sasa ina nafasi ya jina, kitongoji na simu. Nafasi ya simu ni ya wale wanaotaka kupokea taarifa za huduma za kata. Asiyetaka aiache wazi, na karatasi ikirejea ibaki kwa Mtendaji.