Tukaushe Gari Bila Kulikwaruza

Mazungumzo ya kikundi cha waosha magari mbele ya wahitimu wa kisomo



Mmetuomba tuje tuzungumze juu ya kazi yetu pale njia panda. Tunashukuru. Lakini juu ya kuosha hatutasema mengi. Leo tutasema juu ya kukausha. Hapo ndipo magari mengi yanapoharibiwa, tena na watu wenye nia njema, gari likiwa limeshatakata.

Jambo hili linatuhusu nini sisi watu wa kijijini? Zamani gari lililopita hapa lilikuwa la mtu wa mbali. Siku hizi ipo pikapu ya ushirika, iliyonunuliwa kwa fedha za alizeti yetu. Zipo bodaboda za vijana wetu, na nyingine mkopo wake haujaisha. Hizi ni mali zetu wenyewe. Rangi ikiisha kutu inaanza, na pikapu iliyoliwa na kutu haina bei.

Haya, shikeni ukurasa mmoja wa daftari zenu. Upimeni kwa vidole. Rangi yote ya gari, tangu ya chini mpaka ya juu, unene wake ni kama karatasi hiyo, au inazidi kidogo tu. Na ndani ya unene huo mna tabaka kadhaa. Chini ipo rangi ya msingi, inayoshikana na bati. Juu yake ipo rangi tunayoiona, nyeupe au nyeusi au nyekundu. Katika magari mengi ya siku hizi, juu kabisa ipo vanishi isiyo na rangi. Hiyo vanishi ndiyo inayong'aa, na ni nyembamba kama nusu ya karatasi yenu. Mkwaruzo ukipita tabaka zote hizo ukafika kwenye bati, maji na hewa vinakutana na chuma. Hapo kutu inazaliwa.

Sasa, ni nini kinachokwaruza? Watu husema, "Tambara hili gumu limeharibu gari." Mara nyingi tambara linasingiziwa. Mwenye kosa ni chembe ya mchanga iliyobanwa kati ya tambara na rangi. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo, sembuse rangi! Tambara ni mkono tu. Linaishika ile chembe na kuizungusha.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu alinunua gari jeusi kwa kiinua mgongo chake. Baada ya mwaka likafifia kama limepakwa majivu. Akatujia na kusema jua la Dodoma limeliunguza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, vijana wangu."

"Hebu inama hapa, Mwalimu. Tazama boneti pale jua linapong'aa."

Akainama. Akaona mikwaruzo midogo midogo, mingi ajabu, imelizunguka jua kama utando wa buibui. Akauliza, "Nani amenichorea gari?" Tukamwuliza nyumbani linafutwa namna gani. Kumbe lilifutwa kila asubuhi kwa kanga kuukuu, kavu, pamoja na vumbi la usiku. Jua nalo lina kosa lake, maana linachujua rangi, hatukatai. Lakini jua halichori duara.

Basi tunasema hivi. Vumbi likikaa juu ya gari bila kuguswa halikwaruzi kitu. Kulifuta likiwa kavu ndiko kunakokwaruza. Kama huna maji, liache gari lako na vumbi lake. Si aibu.

Na shida ya maji hapa kwetu tunaijua wote. Hata hivyo, maji ya kwanza yasiokolewe kwa kufuta. Mwagia gari zima tangu paani, mchanga uteremke wenyewe kabla sponji haijagusa rangi. Ukiwa na ndoo mbili, moja iwe ya sabuni, ya pili iwe ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Sabuni ya unga iyeyuke yote kwanza.

Maji ya mwisho usiyarushe. Yamwage taratibu kwa kata, tangu paani. Yakienda polepole, huteremka pamoja kama shuka moja na kuvuta matone yanayokutana nayo njiani. Anayetumia mpira wa maji asizibe mdomo wake kwa kidole. Aache maji yatiririke. Ukifanya hivyo, kazi ya taulo inapungua sana, na mkwaruzo hupungua pia.

Halafu kivuli. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi chumvi. Mnaona ukoko mweupe unaobaki kwenye birika? Tone likikaukia juu ya boneti yenye moto linaacha alama nyeupe ya namna ile ile. Ndipo mtu anaanza kuikwangua, na anaharibu zaidi. Kwa hiyo oshea kivulini, bati likiwa limepoa. Kivuli cha nyumba ni bora kuliko cha mti. Mti una utomvu, na ndege hawana adabu.

Wengine wanasema, "Nitalikausha kwa upepo wa barabarani." Kwa barabara yetu hii ya vumbi? Utafika na tope.

Tuje kwenye kitambaa. Taulo ya pamba iliyokwisha fuliwa mara nyingi inafaa. Ile manyoya yake huimeza chembe ya mchanga, ikaingia ndani, mbali na rangi. Kata pindo lake kama ni gumu. Fulana kuukuu si mbaya, ila toa vifungo, zipu na mishono minene. Kanga mpya bado ina dawa ya kiwandani, hainywi maji. Mjini zinauzwa taulo za nyuzi nyembamba mno, zinaitwa maikrofaiba. Zinakunywa maji mengi, na sisi tunazipenda. Ngozi laini ya kufutia tumeiacha. Mautingo wa zamani wanatubishia, lakini ngozi haina manyoya. Chembe ikiinasa, inabaki juu juu na kusuguliwa safari nzima.

Namna ya kufuta ni hii. Kunja taulo mara mbili, utapata pande nane za kutumia. Iweke juu ya bati, ivute kwako bila kuikandamiza, mstari mmoja ulionyooka. Usizungushe. Mahali pembamba, gusa na kuinua, kama unavyomkausha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Anza paani, kisha vioo, boneti, na milango sehemu ya juu. Sehemu ya chini ya milango na bampa zina kitambaa chao, kwa sababu tope lote linarukia huko. Rimu zina tambara lao pia. Taulo ikianguka chini, imeshaokota mchanga. Iweke kando mpaka ifuliwe, hata kama nyingine huna. Ifueni peke yake, msiichanganye na magunia, wala msiianike juu ya miiba.

Sasa fungueni milango. Wengi husahau hapa. Futa kizingiti na bawaba. Chini ya kila mlango yapo matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa na tope, maji yanalala ndani ya mlango na kutu inakula toka ndani. Nje unaona rangi nzuri, kumbe bati limekwisha. Zibua kwa kijiti, si kwa msumari. Pikapu ina matundu kama hayo, kwa hiyo dereva wa ushirika na ayatafute.

Mwenye bodaboda, tangi lako lina rangi kama ya gari, likaushe vivyo hivyo. Mnyororo nao ukaushe, kisha utie oili, usilale na maji. Na tafadhali, acheni kupaka mafuta ya taa ili gari ling'ae. Ling'ae leo, kesho mafuta yameshika vumbi lote la barabara, na mpira wa mlango unaanza kuharibika.

La mwisho ni breki. Zikiingia maji hazishiki vizuri, nanyi mmekausha bodi tu. Kabla ya kupakia watu, endesha polepole, kanyaga breki mara mbili tatu mpaka uone zinashika sawasawa. Hata kama anayesubiri ni mama mjamzito wa kupelekwa zahanati, mwambie asubiri dakika hiyo moja.